Mtoto aliyefiwa asipokula, si maringo

Mhariri,

Mwandishi wa ukurasa wenu wa burudani aliisifu filamu ya Poland iitwayo Ciało, kisha akamalizia kwa kusema ni hadithi ya watu wenye friji iliyojaa, na kwamba sisi wa huku Magharibi mwa Kenya shida yetu ni kukipata chakula, si kukikataa. Kwa sifa hizo niko naye. Hilo la pili siwezi kuliacha lipite.

Kwa ambao hawajaiona: ilitoka 2015, na mwaka huo huo mwongozaji wake, Małgorzata Szumowska, akapata Dubu wa Fedha wa uongozaji bora kwenye tamasha la filamu la Berlin, akigawana tuzo hiyo na Radu Jude wa Romania. Mama wa nyumba amefariki. Baba, ambaye kazi yake jijini Warsaw ni kuchunguza vifo, anakula, anakunywa na kunyamaza. Binti yao, Olga, ana anoreksia, ugonjwa wa akili wa kujinyima chakula, mpaka anapelekwa hospitalini, na huko anampata mtaalamu wa tiba, Anna, ambaye naye alimzika mtoto mchanga na anaamini wafu huzungumza naye. Inachekesha pia, jambo ambalo mwandishi wenu hakulitaja kabisa.

Mimi ni matroni wa bweni la wasichana katika shule moja Kakamega, na huyo Olga nimeshamwona hapa, amevaa sweta saa nane za mchana jua likiwaka.

Tuanze na matanga yetu. Kamati inakesha ikihesabu mchango, ng'ombe anachinjwa, sufuria zinatandazwa nyuma ya nyumba. Majirani wanakula, wapita njia wanakula, hata aliyekuja kwa ajili ya wali tu anakula, na kina mama wa jikoni wanajua kama mgeni aliyetoka Mombasa amepata nyama au bado. Lakini sahani ya binti wa marehemu anaiangalia nani? Yeye ndiye anayepita na jagi na beseni akinawisha watu mikono. Wanamsifu kuwa ana adabu. Mazishi yakiisha, hema linang'olewa, viti vinarudishwa kwa mwenyewe, naye anarudi shuleni.

Huku ndiko ninakomwona mimi. Kwenye bwalo anawagawia wenzake madondo yake. Ukimuuliza, ana vidonda vya tumbo; wiki ijayo amefunga, anaomba. Hedhi inakatika, na hofu ya kwanza ya mlezi ni mimba. Hakuna mimba. Mwili unazidi kupungua, na hofu ya pili, mnaijua, ni "ule ugonjwa". Anapimwa, hana. Anapimwa kifua kikuu na kisukari, hana. Vipimo hivyo ni lazima, sivipingi hata kidogo. Ninachopinga ni kwamba majibu yakitoka salama watu wanamshukuru Mungu na kupanda matatu kurudi nyumbani, na mtoto bado hali.

Sisemi kila aliyefiwa anayesukuma sahani ni mgonjwa. Msiba humwondolea mtu yeyote hamu ya chakula, na mara nyingi hamu hiyo hurudi yenyewe. Ninayemhofia ni yule ambaye muhula unaisha naye anahesabu kila kijiko, anaogopa kilo hata akiwa amebaki mifupa, au anakula vizuri mbele yetu kisha anakwenda chooni kujitapisha. Madaktari wanasema chanzo si kimoja: kuna ya kurithi, kuna ya tabia, na msiba unaweza kuwa ndio uliowasha moto. Mimi naongeza la kwangu. Mama akifa, wajomba na baba wadogo huamua kila kitu: siku ya kuzika, mtoto gani akae kwa nani, shule ipi iendelee kulipiwa. Kinywa chake ndicho pekee ambacho hakuna aliyekiitia kikao.

Ni kweli walioandika na kuupa jina ugonjwa huu wa anoreksia ni madaktari Wazungu, William Gull wa London na Charles Lasègue wa Paris, miaka ya 1870. Hilo linatuambia nani alikuwa na kalamu. Na si ugonjwa wa mzaha: ni miongoni mwa magonjwa ya akili yanayoua zaidi, mara nyingi kwa moyo kushindwa. Wala tiba yake si kumshindilia ugali. Mwili uliokaa na njaa muda mrefu ukipewa chakula kingi ghafla, madini ya damu yanaporomoka na mtu anaweza kufa huku akilishwa. Wauguzi wetu wanaohudumia watoto wenye utapiamlo wanalijua hili vizuri; huanza na maziwa mepesi, yale ya F-75, kidogo kidogo, ndipo wapande. Ujuzi huo basi upo hapa hapa kwetu, ila hutumika tu pale njaa inapotokana na umaskini.

Kuna na wanaosema, "Mama yake anamwita." Hapo ndipo filamu ilinishika. Samahani kwa kuwafichulia mwisho: baba, binti na Anna wanakaa mezani usiku wakimngoja marehemu aje. Haji. Anna anapitiwa na usingizi, anakoroma, baba na binti wanatazamana na kuanza kucheka. Mwandishi wenu aliona dhihaka kwa imani za watu. Mimi niliona mzazi ambaye kwa mara ya kwanza anamtazama mtoto wake usoni. Hospitali ya Maudsley ya London imejulikana tangu miaka ya 1980 kwa tiba inayomweka mzazi mezani na mtoto, mlo kwa mlo, bila matusi na bila kubembelezana kusikoisha. Huku kwetu shangazi au nyanya anaiweza kazi hiyo, mradi shule imruhusu mtoto kwenda nyumbani kwa matibabu bila kumtishia nafasi yake.

Kwa hiyo ombi langu kwenu ni dogo. Mkiandika tena juu ya filamu kama hii, mtafuteni daktari wa akili au mtaalamu wa lishe wa hospitali ya kaunti, mpeni nusu ukurasa aeleze dalili na mahali pa kuanzia. Hiyo nusu ukurasa nitaibandika kwenye mlango wa bwalo.

Matroni,
Kakamega (jina limehifadhiwa)