Barua ya wazi kwa wakulima mlio bunge la kaunti: hii sheria ya gunia ifuateni hadi barabarani

Waheshimiwa wanangu,

Nawasalimu nyote, wakulima mliochaguliwa kuwa MCA, yaani wajumbe wa bunge la kaunti, kwa hizi kaunti zetu za waru (viazi), Nyandarua, Nakuru, Meru, Bomet, Elgeyo Marakwet, pamoja na nyinyi mnaojipanga kwa 2027 na bado mko na jembe mkononi. Mimi ni mzee wa huku Kinangop, waru ndio imelisha hii boma na kusomesha watoto, na nikisikia mkulima ameingia bunge la kaunti mimi hufurahi kabisa, juu najua huyo anajua uchungu wa kuvuna halafu unakosa bei. Sasa nawaandikia mapema kabla mzoee viti.

Neno langu ni moja. Sheria za kumlinda mkulima tuko nazo, zimekosa tu mtu wa kuzifuata mpaka zifike pale lori linapita, na huyo mtu ni nyinyi.

Chukueni tu hii maneno ya gunia la waru, lile sheria inasema lisizidi kilo 50. Broka, yule mnunuzi wa kati, anakuja na lori lake, wapakiaji wake, hata magunia ni yake. Gunia linajazwa mpaka mdomoni, halafu pale juu wanashona wavu wa kamba na wanaendelea kujaza, waru kubwa kubwa zinapangwa pembeni zishikilie, wanatikisa, wanakanyaga, wanaongeza tena, hadi hilo gunia la kujazwa kupita kiasi, tunaliita lumbesa, linafika kilo 130, mengine yanapita 150, na vijana wa kupakia wanabeba huo mzigo kwa mgongo kila siku mpaka mgongo unaisha wakiwa bado wadogo. Na bei ni ya gunia moja. Hakuna mizani hapo shambani, hakuna risiti, na ukisema neno anakuambia jirani yako ameshakubali. Mama amekaa na kibarua wake tangu asubuhi wanachimba, alikuwa amepiga hesabu ya magunia thelathini, jioni anahesabiwa kumi na kitu. Hiyo ni karo ya mtoto imeenda na lori.

Na si ati serikali haikuona. Mwaka 2005 ilisemwa gunia lisipite kilo 110, haikushika. Mwaka 2019 zikatoka kanuni za viazi chini ya Sheria ya Mazao ya 2013, zikasema wazi kabisa gunia lisizidi kilo 50, na sisi tukashangilia, kwa muda kidogo hata magunia madogo yakaonekana, halafu lumbesa likarudi polepole kama magugu baada ya mvua. Kwa nini? Hapo ndipo nataka tukae kidogo.

Kwanza mkulima mwenyewe hawezi kungoja. Wengi wetu tunapanda aina ya waru inaitwa Shangi, juu inakomaa haraka na inaiva haraka kwa sufuria, watu wa mjini wanaipenda, lakini Shangi ukiivuna inaanza kuota macho baada ya wiki chache tu, na stoo nzuri yenye giza na hewa baridi hatuna. Mvua nayo ikishika barabara za huku ndani zinakuwa matope, lori moja likikubali kuingia unalishukuru, bei gani, gunia gani, hauulizi. Mgala muue na haki mpe, broka ndiye anaingia kwa hayo matope wakati hakuna mwingine anaingia. Kwa hivyo mkipitisha sheria ya kumpiga faini na hamjajenga stoo wala kuweka murram kwa barabara, mtakuwa mmemfukuza mnunuzi na waru imebaki kwa mkulima ikiota.

Pili ni majirani. Kaunti moja ikikaza, lori linaenda kaunti ingine, na wakulima wenu wenyewe watawageuka wawaulize mbona soko limehama. Hii nimeiona na ni ukweli mchungu. Lakini Katiba ilifikiria hiyo maneno, Kifungu cha 189 kinaruhusu serikali za kaunti kushirikiana na kuunda kamati za pamoja, sasa kwa nini kamati za kilimo za hizi kaunti za waru haziketi pamoja kabla ya msimu wa kuvuna, zikubaliane siku moja ya kuanza kukagua magunia, vizuizi vyote vya ushuru, barabara zote? Mkija Naivasha kwa warsha mnapatana huko hotelini, si mpatane pia juu ya hili.

Tatu ni sesi, ule ushuru wa mazao kaunti inatoza, na hapa naomba msome kwa makini. Fungueni Sheria ya Fedha ya kaunti yenu muangalie sesi ya waru inatozwa namna gani. Kama ni kwa gunia, basi lumbesa linamwibia mkulima na linaibia kaunti pia, juu lori limebeba mzigo wa magunia mia mbili na limelipia sabini. Badilisheni iwe kwa kilo. Mswada wa Fedha unapita mkononi mwenu kila mwaka, hauhitaji kungoja Nairobi. Siku sesi itakuwa kwa kilo, askari wa kizuizi atataka mizani kuliko hata mkulima, na broka hatakuwa na faida ya kuficha uzito kwa wavu.

Wanangu, kuna watu watawaambia kilimo ni ya serikali kuu, nyinyi shughulikieni basari na taa za soko. Si hivyo. Jedwali la Nne la Katiba ya 2010 limeweka kilimo cha mazao na mifugo, machinjio, kudhibiti magonjwa ya mimea na ya wanyama, yote kwa kaunti, serikali kuu imebaki na sera. Maafisa wa kilimo waliletwa kaunti, wengi wamestaafu na nafasi zao hazijajazwa, na mjue hiyo ndiyo sababu ugonjwa ukiingia shambani mkulima anauliza mwenye duka la dawa. Huku Nyandarua wale minyoo wa mizizi ya waru walithibitishwa 2015, mnyauko wa bakteria nao tumeishi nao miaka na miaka, na vyote vinasafiri na mbegu mbaya. Kwa hivyo ukiwa MCA usinunue mbegu yoyote tu ya kugawa ukapigiwe makofi, uliza imethibitishwa na nani, imetoka wapi. Mbegu chafu ya bure inaweza kumfunga mtu shamba miaka mingi.

Tena hiyo kazi ya kugawa si yenu. Sheria ya Serikali za Kaunti ya 2012 imesema MCA asijihusishe na kazi ya utendaji wala kutoa huduma kama yeye ndiye ofisa. Kazi yenu ni kutunga sheria, kupitisha pesa, na kuuliza maswali magumu. Najua wananchi wanawasukuma, wanataka kuona gunia la mbolea likishuka kwa gari lako, na ni ngumu kumwambia mama mzee kwamba kazi yako ni kukaa na makaratasi. Mwambieni tu, kwa heshima, na mumwonyeshe ukurasa wa bajeti.

Hiyo bajeti ndiyo inanitia wasiwasi kuliko yote, na ni mkulima tu ataelewa nikisema hivi. Kalenda ya pesa inagongana na kalenda ya shamba. Karatasi ya mkakati wa fedha inaletwa bungeni kufikia tarehe 28 Februari, hapo wewe unatayarisha shamba na kutafuta mbegu. Makadirio ya bajeti yanaletwa kufikia 30 Aprili, hapo waru imechomoza, mvua ya masika imeshika na usipopuliza dawa ya blight, ule ugonjwa wa kuchoma majani, wiki hiyo umepoteza. Bajeti lazima ipite kabla ya 30 Juni, wewe uko kwa mambo ya kuvuna. Ndio maana wakulima wengi tukichaguliwa tunakosa vile vikao vyenye pesa, tunakuja siku ya kupiga kura tunanyanyua mkono, na wale wasio na shamba ndio wamekuwa kwa kamati siku zote wakisongeza pesa ya stoo ikawa pesa ya safari. Nawaomba, hii miaka mitano tafuteni mtu wa kuaminika wa kusimamia shamba miezi hiyo, hata kama mavuno yatapungua kidogo. Mlichaguliwa mtulindie mashamba mengi, si moja.

Na mkiwa kwa kamati mjue mna meno. Kifungu cha 195 cha Katiba kinawapa uwezo wa kumwita mtu yeyote aje atoe ushahidi, kama Mahakama Kuu. Basi iteni waziri wa kilimo wa kaunti, iteni mkuu wa ushuru, waulize mwezi uliopita ni malori mangapi yalipimwa, mangapi yalirudishwa, mizani iko wapi na inafanya kazi. Akisema hana jibu apewe siku saba arudi. Mara tatu hivi na kila mtu kwa kizuizi atakuwa anajua gunia la kilo 50 linafanana vipi.

Kitu kingine nawaambia kama mzazi. Kama unauza mbegu, kama una lori, kama shamba lako liko karibu na pale stoo inataka kujengwa, sema mbele ya kamati na utoke nje wakati wa kuamua. Sheria inataka hivyo, lakini hata isingetaka, wakulima wanaangalia. Tunawaamini kwa sababu ninyi ni wenzetu, na stoo ikijengwa kwa shemeji yako hiyo imani haitarudi kwa mkulima mwingine atakayesimama baada yako.

Kabla ya msimu ujao wa kuvuna naomba mfanye haya: mkutane kaunti zote za waru, mbadilishe sesi iwe kwa kilo, na muweke kwa bajeti mizani ya kila kizuizi na stoo angalau moja kwa kila wadi inayolima. Halafu siku ya soko mje na kamati yote, msimame pale malori yanapakia, mpime gunia la kwanza mtakalokuta, mbele ya watu, na mwenye lori naye apewe nafasi aseme yake. Sisi wazee tutakuwa hapo, na wale wa vikundi vya akina mama wameshasema watakuja.

Mzee wenu, mkulima wa waru, Kinangop