Ratiba ya wenyeji imejaa, kazi yetu tuiingize wapi?

Ndugu Mshauri, salaam.

Sisi ni kikundi cha watu watano: kiongozi wa msafara, muuguzi, mhandisi wa maji, mwalimu na bwana shamba. Tunajiandaa kwa ziara ya mwezi mmoja nje ya nchi, ya kubadilishana ujuzi na utamaduni. Pasi zetu zitakuwa hai zaidi ya miezi sita baada ya tarehe ya kurudi, dawa ziko kwenye pakiti zake pamoja na cheti cha daktari, na chaja zote zinapokea volti 100 hadi 240. Hayo hayatusumbui. Kinachotuumiza kichwa ni rasimu ya ratiba tuliyoletewa na wenyeji.

Tumeipigia hesabu. Katika siku 30, mbili ni za safari, nne za kuhama mji (na kuhama mji ni kuhamia familia nyingine, mizigo ifungwe upya), na Jumapili nne ni za kukaa na familia. Zinabaki 20. Kati ya hizo, siku za kila mtu kwenda kwenye fani yake ni tatu tu, tena kila moja katika mji tofauti. Nyingine zote ni matembezi ya pamoja: makumbusho, kiwanda, ofisi ya meya, na jioni karamu.

Siku mojamoja hazifai kitu. Siku ya kwanza mgeni hutambulishwa, huzungushwa na kunyweshwa chai. Kazi yenyewe huiona siku ya pili, akifika alfajiri zamu zinapokabidhiana, wenyeji wakiwa wameshamzoea kiasi cha kuacha kujipanga kwa ajili yake. Kwa muuguzi ni kazi zaidi. Hospitali nyingi hazimruhusu mgeni wodini, hata wa kutazama tu, bila uthibitisho wa chanjo kama ya homa ya ini aina ya B na fomu ya kutunza siri za wagonjwa. Chanjo hiyo kwa kawaida ni dozi tatu zinazochukua miezi sita. Hospitali ikitajwa dakika za mwisho, ataishia kwenye korido.

Tungependa kuomba siku nane za fani, mbilimbili katika miji minne, mji wa tano ubaki wa matembezi. Lakini wenyeji wanajitolea, na huenda miadi wameshaiomba. Tena ratiba huambatanishwa na barua ya mwaliko kwenye maombi ya viza. Ikibadilika baadaye, maelezo yetu ubalozini yatapingana na karatasi.

La pili ni wasilisho la jioni. Tumepewa dakika 20. Mkalimani atakula nusu, zinabaki kumi, yaani dakika mbili kwa kila mtu: jina na picha moja, basi. Baadhi yetu wanataka azungumze msemaji mmoja, wanne waliobaki wajibu maswali tu. Wengine wanaona kumnyamazisha mtu mbele ya familia inayomlaza ni utovu wa adabu.

Je, ombi la siku nane tulipeleke kwa mratibu mkuu au kwa mwenyeji wa kila mji? Tuache matembezi gani bila kumuudhi mtu? Na jukwaani, asimame mmoja au wote?

Wasafiri watano