Mdogo wangu, kabla hujampandisha binti yako mlimani

Mdogo wangu,

Mama kaniambia likizo hii unampeleka binti yako mlimani. Kanitajia juu juu, katikati ya mambo mengine, halafu akanyamaza akisubiri niseme neno. Sikusema. Naandika huku hadharani kwa sababu namba yangu umeizuia, na kila ninachompa Mama akufikishie kinakufikia nusu. Wengine mtakaosoma mniwie radhi. Kama nanyi mna safari ya milimani, chukueni kitakachowafaa.

Kwanza nimefurahi, na nasema toka moyoni. Mtoto wa umri ule akiupanda mlima kwa miguu yake mwenyewe hausahau maisha yake yote. Ila mfundishe kuangalia. Wewe ulipanda umekaza macho kileleni, ukapita kila kitu njiani. Mwoneshe mashamba yanavyoishia na msitu unavyoanza, halafu miti inavyoota ndevu za kijani na kufupika mpaka inabaki vichaka, baada yake nyasi, kisha mawe matupu. Joto hushuka kama nyuzi 6.5 kila mnapopanda mita 1,000, ndiyo maana kwa siku chache za kutembea mnapita mimea ambayo huku chini mngelazimika kuvuka nchi baada ya nchi kuikuta.

Mweleze habari za Alexander von Humboldt, mwanasayansi wa Kijerumani. Mwaka 1802 yeye na wenzake walipanda Chimborazo kule Ekwado, mlima ambao wakati huo watu wa Ulaya waliamini ndio mrefu kuliko yote duniani. Walipanda wakitokwa damu kwenye fizi, kichefuchefu kimewashika, mpaka wakafika kwenye ufa mkubwa wasioweza kuuvuka. Wakageuza. Kilele, chenye mita 6,263, hawakukikanyaga. Ila Humboldt alishuka na kitu kichwani, na mwaka 1807 akachapisha mchoro wa mlima ule ukionesha kila mmea na kimo unakoota. Wanasayansi wanauheshimu mchoro huo mpaka leo. Mtu aliyerudia njiani, mdogo wangu, na hakuna aliyemwita mwoga.

Najua umeshajua ninakoelekea. Ngoja kwanza.

Asubuhi muwahi kutoka nje ya hema. Unakumbuka ile asubuhi mawingu yote yalipokuwa chini yetu, jua likachomoza migongoni, ukakiona kivuli chako kimelala juu ya mawingu, kirefu ajabu, kichwani kimezungukwa na duara la rangi? Uliniita kwa lile jina la utotoni. Nikaja mbio nikasimama karibu yako, nikaona duara kwenye kichwa changu, kwako hakuna kitu. Wewe ukaapa liko kwako, kwangu hakuna. Tukabishana hadi tukachoka kucheka. Baadaye nilisoma kwamba wote tulisema kweli: mwanga hurudishwa na matone ya ukungu moja kwa moja kulikotoka jua, kwa hiyo kila mtu hulikuta duara kwenye kichwa cha kivuli chake mwenyewe. Huko Ujerumani jambo hilo limepewa jina la mlima Brocken. Sharti jua liwe chini nyuma yenu na ukungu uwe mbele. Mwamshe mtoto hata akinuna.

Chakula. Huko juu hamu hukatika kabisa, na mwenye kusubiri njaa ndiyo ale hatakula. Mpe kidogo kidogo kutwa nzima: supu, viazi, wali, tambi, karanga, matunda makavu, chai yenye sukari ya kutosha. Vyakula vya wanga mwili huvitumia kwa oksijeni kidogo kuliko mafuta, na oksijeni ndiyo yenye uhaba. Maharage yaacheni nyumbani. Uling'ang'ania tuyapike, nikakwambia hayataiva, ukachochea jiko mpaka mafuta yakakaribia kwisha. Kwenye mita 4,000 maji huchemka yakiwa na nyuzi 87 hivi, na hata uchochee vipi hayapandi zaidi ya hapo, labda uwe na sufuria ya presha. Siku ya kushuka ndiyo mle mshibe, na muulize wenyeji wanakula nini wao. Katika milima ya Alpi kule Ulaya wafugaji hupandisha ng'ombe malishoni wakati wa kiangazi na kutengeneza jibini huko huko juu. Kila mlima una chakula chake, na anayebeba kila kitu kutoka nyumbani haonji hata kimoja.

Kutembea mnakujua wote wawili. Mwende mwendo ambao mnaweza kupiga soga. Mkiona hamwezi kumaliza sentensi bila kuhema, mmezidisha. Kucha za miguu mkate kabla, maana wakati wa kushuka vidole hugonga mbele ya buti siku nzima. Mkifika juu ya mita 3,000, kila usiku msilale juu ya mlipolala jana kwa zaidi ya mita 500, na kila baada ya siku tatu au nne mpumzike siku moja. Kampuni itakayowauzia safari fupi kwa sababu bei yake ni ndogo, iacheni.

Sasa tufike pale.

Tulitoka kambini usiku wa manane. Kilele tulikuwa tunakiona, nakubali, kilikuwa karibu. Ukasimama ukasema kamba ya buti imelegea. Ukavua glavu. Nilikuangalia vidole vikiishika ile kamba, vikiiachia, vikiishika tena, kama vya mtu ambaye hajawahi kufunga fundo. Nikapiga magoti nikakufungia. Kisha nikachora mstari kwenye vumbi kwa ncha ya fimbo, nikakwambia upite juu yake, kisigino kikiguse kidole. Kiongozi wetu alimulika tochi. Hatua mbili. Ya tatu ukaangukia upande wa bonde, akakudaka kwa mkanda wa begi. Hata hapo hukukasirika kwa kuanguka. Ulinikasirikia mimi. Ukanitazama usoni, mbele ya wale vijana wote waliotubebea mizigo, ukasema: "Unanionea wivu kwa sababu wewe umeshindwa."

Wivu. Mimi niliyekubeba mgongoni ungali mtoto wa kunyonya.

Sijashindwa kukuelewa. Mtu ambaye ubongo umeanza kuvimba kwa kukosa oksijeni husema asiyoyajua, na hawezi kuwa shahidi wa hali yake mwenyewe. Neno la mgonjwa ningelizika palepale. Kinachonikaa kooni ni kwamba ulilirudia ukiwa mzima, kwenye harusi, maikrofoni mkononi: dada alinirudisha kama mtoto, na tulipofika chini nilikuwa mzima kama chuma. Watu wakacheka. Mama akainamisha uso.

Ndiyo, ulipofika chini ulikuwa mzima. Ulikuwa mzima kwa sababu ulifika chini. Ugonjwa ule wa mwinuko dawa yake ya kwanza ni kushuka, na aliyeshushwa mapema ndiye anayepona upesi. Aliyecheleweshwa anaweza kufa kabla ya kesho yake. Mwendo wa saa moja tu tangu tugeuze ulikuwa unatembea bila kushikwa, na jua lilipopanda ukaomba chai. Ukauhesabu huo kuwa ushahidi dhidi yangu. Mwaka 1865 watu saba walifika kilele cha Matterhorn, mlima mmoja wa Alpi, kwa mara ya kwanza katika historia, wakiongozwa na Edward Whymper. Wakati wa kushuka kamba ilikatika na wanne wakafa. Kilele walikipata wote saba. Mimi nilikwenda na mdogo wangu nikarudi na mdogo wangu, na ningeambiwa leo niamue tena, ningeuchora mstari uleule.

Sikuandiki ili uniombe radhi. Nakuandikia kwa sababu safari hii atakayekuwa anakutazama vidole ni mtoto, na yeye hatakwambia baba geuza. Yeye mwenyewe akiumwa huenda asikwambie, kwa kuogopa kukuharibia. Usimngoje aseme kichwa kinauma. Mtazame chakula, usingizi, michezo. Mtoto aliyeacha kucheza na kugeuka mkali bila sababu, huyo anaumwa. Kichwa kikimuuma, msipande hata hatua moja mpaka kiache. Akitapika au akianza kuyumba, mnashuka saa hiyohiyo, iwe usiku, iwe mvua, kilele kiwe karibu vipi. Na wewe mwenyewe umeshaumwa mara moja, kwa hiyo unaweza kuumwa tena. Kabla ya safari muone daktari, umweleze yote yaliyotokea, yakiwemo unayosema hayakutokea.

Mpe kiongozi wenu ruhusa mapema, binti yako akisikia, kwamba yeye akisema rudini, mnarudi bila mjadala. Umwambie hivyo hata kama kwangu hutawahi kukubali.

Buti zangu na jaketi la mvua viko kwa Mama, chumba cha nyuma. Nasikia binti amenifikia kimo, kwa hiyo vitamtosha akivaa soksi nene. Aanze kuzivaa sasa, aende nazo shule na dukani, zimzoee kabla ya siku ya safari.

Dada yako