Leicester East: kura ziligawanyika

Mhariri,

Msomaji mmoja ameandika katika safu hii kwamba jimbo la Leicester East, hapa Uingereza, lilikwenda kwa chama cha Conservative mwaka 2024 kwa sababu "Wahindi wamehama Labour". Mimi ni mzaliwa wa Tanga, mkazi wa Belgrave, ndani ya jimbo hilohilo. Tarehe 4 Julai nilipiga kura huko nikiwa na pasipoti yangu ya Tanzania, maana sheria ya Uingereza inamruhusu raia wa Jumuiya ya Madola anayeishi hapa kihalali. Naomba nimjibu.

Shivani Raja wa Conservative alipata kura 14,526, Rajesh Agrawal wa chama cha Labour 10,100. Lakini kwenye karatasi ileile ya kura walikuwamo Keith Vaz na Claudia Webbe, wote wabunge wa zamani wa hapa kwa tiketi ya Labour, safari hii wakigombea nje ya chama hicho. Vaz alilishika jimbo tangu 1987 hadi 2019. Wawili hao walizoa zaidi ya kura 9,000. Vita vya panzi, furaha ya kunguru. Yalishatokea 1983: mbunge wa Labour, Tom Bradley, alikuwa amehamia SDP, chama kilichomeguka kutoka Labour, akagombea kwa tiketi yake, na Conservative wakapita kwa tofauti ya kura 933 tu.

Sikatai kwamba wapo waliohama. Labour iliongoza kwa tofauti ya kura 22,428 mwaka 2017, na kwa 6,019 tu mwaka 2019. Lakini kuwaita wote "Wahindi", kana kwamba wana kichwa kimoja, hapo ndipo ninapoumia.

Jirani yangu ni mzee wa asili ya Kihindi kutoka Jinja, Uganda. Idi Amin alipowafukuza Waasia wa Uganda mwaka 1972, Halmashauri ya Leicester ilitoa tangazo katika gazeti la Uganda Argus kuwasihi wasije huku. Alikuja, na sanduku moja. Hadi leo, akiniona uani, hunisalimu kwa Kiswahili na kuniita binti yangu. Mihogo ya kukaanga mikahawa ya hapa huiita "mogo", na yeye hucheka kila akilisikia neno hilo.

Nyumbani kwake, siku ile ya uchaguzi, yeye alimpigia kura Vaz kwa ajili ya miaka mingi ya kufahamiana. Mkewe alibaki na Labour. Mjukuu wao alimchagua Raja, kwa kuwa ni mzaliwa wa Leicester, na Agrawal aliletwa kutoka London. Jioni walikula pamoja meza moja, nami nilikuwapo.

Msomaji wenu,
Belgrave, Leicester