Galari ya mtaa sio duka

Mhariri, naomba kanafasi kidogo. Kila ikitajwa galari ya mtaa isiyo ya faida lazima atokee mtu wa kusema eti kama kazi za hao wasanii ni nzuri si zingeuzika tu, galari ijiendeshe yenyewe waache kuombaomba michango. Wanaosema hivyo naona wanafikiria picha za ukutani peke yake, maana galari ya biashara inaishi kwa kamisheni, mara nyingi kama nusu ya bei inabaki kwa mwenye galari, sawa, hesabu hiyo inaenda. Sasa pafomansi, yaani sanaa ambayo msanii mwenyewe na mwili wake ndo kazi, mbele ya watu, utaikata kamisheni wapi? Msanii Marina Abramović mwaka 1974 kule Naples, Italia, alisimama masaa sita, mezani kaweka vitu 72, kuna waridi, asali, mkasi mpaka bastola na risasi yake, watu wamfanyie wanachotaka, na ilipoisha ikawa imeisha, hakuna mtu wa kufungiwa kitu akatundike sebuleni. (Ndio, picha za matukio kama yale zinakuja kuuzwa baadaye, ila hapo msanii keshakuwa jina kubwa. Kijana anayeanza nani atanunua picha yake kalala sakafuni?)

Ndo maana wasanii wa New York walijianzishia sehemu zao za kuonyeshea kazi, 112 Greene Street ilifunguliwa 1970, siku hizi inaitwa White Columns, mwaka uliofuata ikaja The Kitchen, na jina lilitokana na jiko kweli, walianzia kwenye jiko la hoteli ya zamani. Zote zipo mpaka leo na hakuna mtu anayegawiwa faida.

Houston nako, hukohuko Marekani, 1993, wasanii weusi saba walichukua nyumba 22 ndogondogo zilizochakaa, wakaziita Project Row Houses, nyingine zikawa za maonyesho, nyingine wakakaa kina mama vijana wanaolea peke yao huku wanasoma. Hiyo ndo galari ya mtaa sasa, jirani anaingia bila kujiuliza kavaa nini.

Ila na wenye galari nao niwaseme. Isiyo ya faida maana yake kinachobaki kinarudi kwenye kazi, haina maana msanii afanye bure. Fundi umeme analipwa, wa spika analipwa, mwenye nyumba ndo usiseme, halafu aliyefanya watu wote waje anaambiwa "sisi tunakutangaza". Kutangazwa hakulipi kodi, jamani!

Kwa hiyo mnaoendesha hizi galari, malipo ya msanii yaandikeni kwenye bajeti mapema, kabla ya rangi ya ukuta, na mfungue jioni na wikiendi, maana ukifungua saa nne asubuhi ukafunga saa kumi jioni jirani anayeshinda kazini atakuja saa ngapi?

Msomaji wenu