Kwa Dada Mapendo, kuhusu zile siku nne za Stehekin

Nguba, Bukavu

Mpendwa Dada Mapendo,

Pokea salamu za nyumba nzima. Sisi ni wazima, na Mama ameanza tena kwenda sokoni. Barua yako niliipata kwa mkono wa Mama Faida, na swali lako moja limenikaa moyoni: kwa nini nilisimama siku nne Stehekin, kile kijiji kidogo cha Marekani, ilhali nilikuwa nimekwisha kutembea zaidi ya kilomita 650 na kufika mpaka wa Kanada kulibaki kama 130 tu?

Njia ile ya miguu, Pacific Crest Trail, ina kilomita 4,265 tangu mpaka wa Meksiko; mimi nilishika sehemu ya jimbo la Washington peke yake, kuanzia mto Columbia. Kufikia wiki ya tano magoti yalikuwa yamevimba, nami kila asubuhi nilijiahidi kwamba nitapumzika nikimaliza. Ahadi hiyo, Dada, unaijua vizuri kuliko mimi.

Stehekin haina barabara inayotoka nje ya bonde lake. Mtu hufika kwa boti, kwa ndege ndogo inayotua majini, au kwa miguu, na sisi wa miguu hupanda basi pale High Bridge na kuteremka kilomita 18 hadi ziwani. Simu ya mkononi haishiki. Nilipewa chumba kinachotazama Ziwa Chelan, nikaoga, nikalala kuanzia saa tisa mchana hadi jua la kesho yake. Siku ya pili nilifunga mzigo ili niondoke. Mama mmoja wa pale aliniona nikishuka ngazi huku nimeshika ukuta, akaniuliza tu kama nimekwisha kunywa chai, akanisogezea mkate wa mdalasini uliokuwa bado moto. Nikafungua mzigo.

Ziwa lile lingekushangaza. Kina chake kinafika mita 453, nalo Kivu letu linakaribia 480, lakini lile ni jembamba sana na milima imelisimamia pande zote mbili. Kila alasiri nilikaa kwenye mawe, miguu ndani ya maji baridi, nikisikiliza boti ikienda mpaka mlio wake ukapotea. Nilitamani sambaza, wale samaki wadogo wa Kivu, nikakuwaza wewe.

Maana tangu volkano ya Nyiragongo ilipolipuka ile Mei ya 2021, sijasikia hata mara moja kwamba umepumzika. Zamu ya usiku, kisha wagonjwa wa mtaani wanaokungoja mlangoni, kisha Bibi. Kwa hiyo jibu langu ni hili: nilisimama kwa sababu magoti yangekataa njiani, mahali pasipo na mtu wa kunibeba. Na siku ya tano nilipanda mlima bila kuchechemea.

Chumba cha mbele, kile chenye dirisha la ziwani, nimekipaka rangi upya. Je, likizo uliyoomba wamekupa? Mgongo bado unakuamsha usiku? Dada yako mdogo hawezi kukaa na Bibi hata kwa juma moja? Na boti ya siku gani nije kukupokea bandarini? Mama Faida anarudi kwenu Jumatatu. Mpe jibu, hata kama ni mstari mmoja.

Ndugu yako akupendaye,
Amani