Mhariri, kijana akiteleza mara moja msiandike kama amekwisha

Ndugu Mhariri,

Naandika kuhusu hizi habari za vijana na uraibu mnazotoa, na kwanza niseme asante kwa kuzitoa maana ni jambo ambalo majumbani mengi linafichwa. Ila kuna kitu kinaniumiza kila nikisoma. Habari karibu zote zinaisha vilevile, kijana alikuwa anakunywa au anavuta au anabeti, akaacha, watu wakampongeza, alafu "amerudia tena", basi, habari imeishia hapo kana kwamba na kijana mwenyewe ameishia hapo. Hiyo picha sio kweli na inaua watu, na nasema inaua kwa sababu mtu akishaamini ameharibu kila kitu haoni sababu ya kutafuta msaada kesho yake asubuhi.

Kulikuwa na profesa wa saikolojia anaitwa Alan Marlatt, alikuwa Chuo Kikuu cha Washington kule Seattle, Marekani, tangu 1972 hadi alipofariki 2011, na swali alilolibeba karibu maisha yake yote ya kazi ndo hilohilo, kwamba mtu aliyekwisha kuacha anarudije. Hakuanza na nadharia kubwa kubwa, yeye na wenzake waliwauliza waliorudia, ilikuwaje siku ile, ulikuwa wapi, na nani, ulikuwa unajisikiaje dakika chache kabla. Majibu yakawa yaleyale. Kubwa kuliko yote ni hisia mbaya, yani hasira, upweke, wasiwasi, kuboreka. Kuna kugombana na mtu wa karibu. Alafu kuna presha ya wenzako, na hii wala haihitaji mtu akulazimishe, inatosha kukaa mahali ambapo wote wanakunywa kasoro wewe. Hayo matatu ukiyajumlisha umeshapata sehemu kubwa ya waliorudia. Sasa hivi kweli bado tutaendelea kuandika kwamba vijana hawa "hawana msimamo"?

Na kuna jambo la pili alilolisema ambalo mimi naona ndo zito zaidi. Kuteleza mara moja na kurudi kwenye uraibu ni vitu viwili tofauti, na katikati yao kuna mlango ambao unaweza kufungwa. Kinachomsukuma mtu apite ule mlango mara nyingi ni yale maneno anayojiambia baada ya kuteleza: nimeshaharibu, mimi ndivyo nilivyo, sina nguvu, kwa hiyo bora niendelee tu. Aibu inamuuma, na dawa ya maumivu anayoijua ni ileile aliyokuwa anaikimbia. Sasa fikiria kijana huyo yuko ndani ya hali hiyo alafu baba anafoka, ndugu wanamtenga, na jirani anasema nilijua tu. Tunakuwa tumemthibitishia kila neno baya alilokuwa anajiambia.

Mwaka 1973 Marlatt na wenzake walitoa majaribio ambayo natamani kila mzazi ayajue. Walichukua watu wenye uraibu wa pombe na wanywaji wa kawaida, wakawaambia waonje vinywaji na kuvilinganisha ladha. Baadhi waliambiwa ni vodka iliyochanganywa na toniki, yani soda chungu isiyo na pombe, wakati ilikuwa toniki tupu, wengine waliambiwa ni toniki tupu wakati vodka ilikuwemo. Waliokunywa zaidi ni wale walioamini wanakunywa pombe, iwe ilikuwemo au haikuwemo, na hii ni hata kwa wale waraibu wenyewe ambao siku zote tumeambiwa tone moja likigusa ulimi mwili unachukua usukani. Msinielewe vibaya, pombe ina kazi kubwa mwilini, na mtu aliyekunywa sana kwa muda mrefu akikata ghafla anaweza kupata degedege na hata kufa, huyo anahitaji daktari sio mawaidha. Ninachosema ni kwamba anachokiamini mtu juu ya kuteleza kwake kina nguvu kuliko tunavyodhani, na imani hiyo anaipata kwetu, na kwenye magazeti.

Kwa nini nasisitiza vijana? Kuna mwanasaikolojia mwingine wa Marekani, Jeffrey Arnett, mwaka 2000 alieleza kwamba kati ya miaka 18 na 25 hivi kuna kipindi chenye sura yake, mtu sio mtoto tena lakini hajawa na miguu ya utu uzima, anahama nyumba, anatafuta kazi, anaingia na kutoka kwenye mahusiano, hajui kesho yake. Sehemu ya mbele ya ubongo inayosaidia kujizuia na kupima matokeo nayo inaendelea kukomaa mpaka katikati ya miaka ya ishirini. Kwa hiyo ile orodha ya Marlatt, upweke, ugomvi, presha ya wenzako, kwa kijana ni maisha ya kila wiki. Na wengi wanaotumia kupita kiasi umri huu hupunguza baadaye wakipata kazi na familia, ndo maana kumhesabu kijana wa miaka 21 kama amekufa ni dhuluma kwake.

Msaada wenyewe wala sio lazima uwe mkubwa. Miaka ya 1990 timu ya Marlatt ilichukua wanafunzi waliokuwa wanaingia chuo kikuu wakiwa tayari ni wanywaji sana, baadhi yao wakapewa mazungumzo mafupi ya ana kwa ana, bila kuhubiriwa, bila kutishwa, wakaonyeshwa unywaji wao wenyewe ukoje ukilinganisha na wa wenzao. Hapo ndo wengi hushtuka maana wanafunzi kwa kawaida hudhani wenzao wanakunywa kuliko hali halisi. Walipofuatiliwa miaka miwili baadaye, waliopata mazungumzo hayo walikuwa wamepunguza unywaji na madhara yake kuliko wale ambao hawakupata.

Pia Marlatt aliwafundisha watu kuitazama hamu kama wimbi, linapanda, linafika kileleni, linashuka, na kazi yako ni kukaa juu yake mpaka lishuke, usipigane nalo wala usilitii. Mimi nakaa na vijana wanaojaribu kuacha na nimeona hili likifanya kazi kwa wavutaji na hata kwa watu wa kubeti, maana kamari nayo tangu 2013 madaktari wa akili wa Marekani wameiweka kundi moja na uraibu wa pombe na madawa. Kuna mmoja alikaa miezi bila kubeti, akagombana na kaka yake usiku mmoja, akaweka hela kwenye simu. Kaka alipojua hakufoka, alimuuliza tu kabla ya kushika simu nini kilitokea, wakaongea mpaka usiku mwingi, kesho yake kijana akafuta ile programu mwenyewe mbele yake. Bado anapambana lakini hajarudi kule alikotoka.

Ndugu Mhariri, ombi langu ni hili. Mkiandika kijana amerudia, mwandishi aende na swali la pili, nini kilitokea kabla na nini kinaendelea sasa. Zile picha za vijana wamelala chini sura zao zinaonekana, naomba muache, wana mama zao na watatafuta kazi siku moja. Na kama kuna nafasi kwenye ukurasa wa afya mtafuteni mshauri nasaha aandike familia ifanye nini ile saa ya kwanza baada ya kijana wao kuteleza, aseme maneno ya kumwambia na ya kutomwambia, na lini ni lazima apelekwe hospitali, maana hiyo saa watu wengi hatujui la kufanya na tunabaki kupiga kelele.

Msomaji wenu